Kiangazi kikifika ndipo pampu inakufa: tujadili hela ya kuendesha maji vijijini, siyo visima tu

Mchovu wa Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Bajeti ya Wizara ya Maji ikisomwa pale Dodoma, sisi wa huku mjini tunasikia visima. Vingapi vimechimbwa, jimbo gani limepata, lipi bado. Sina ugomvi na visima. Ila ukame ukija, kijiji kinachobaki na ndoo tupu mara nyingi kisima kinacho. Tenki lipo kilimani, limepakwa bluu na kuandikwa jina la mradi, magati (vituo vya kuchotea maji) yapo, koki zipo. Maji hakuna. Naomba tulijadili hilo bila kurushiana vyama.

Kwanza haki itendeke, maana humu ukiuliza kitu unaambiwa huoni kazi iliyofanyika. Kazi imefanyika. Mpaka 2019 maji ya vijijini yalikuwa chini ya halmashauri, mhandisi wa maji wa wilaya anagombania mafuta ya gari na idara nyingine zote. Sheria Na. 5 ya 2019 ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, wahandisi wakarudi chini ya Wizara ya Maji. Halafu ile hela ya IMF ya UVIKO-19, trilioni 1.3, sehemu yake ikanunua mitambo 25 ya kuchimba visima na seti 5 za mitambo ya kujenga mabwawa. Ikaja programu ya visima 900, vitano kila jimbo. Anayesema serikali imelala hajui anachosema.

Sasa hoja yangu. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango: mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 toka kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Sera hiyohiyo ikasema gharama za kuendesha na kukarabati ni za wanakijiji. Leo wanaokusanya hela hiyo ni CBWSO, vile vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii.

Angalieni mwaka unavyokwenda. Mvua zikinyesha, watu wanateka makorongoni, kwenye madimbwi, wanakinga maji ya bati. Nani aende gatini kulipia? Miezi hiyo chombo hakikusanyi kitu, mhudumu wa gati hajalipwa, fundi kaenda shambani kwake. Jua linapokaza wote wanarudi kwa pamoja, pampu inaendeshwa kutwa kucha, inaungua. Mfuko uko mtupu tangu mvua. Yaani mapato yanategemea kiangazi, gharama nazo zinakuja kiangazi hichohicho, tena zinatangulia mapato. Hapo hata akiletwa malaika awe mweka hazina, hesabu haitoki.

Na wa Dar msiniambie haliwahusu. Tangu 2015 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 kwenda Mfuko wa Maji. Dereva wa bodaboda pale Ubungo akijaza lita tatu, shilingi 150 ameshachangia. Hela hiyo inajenga. Swali: kwa nini hata shilingi tano katika hizo 50 zisitengwe kufufua kilichojengwa, ukame ukitangazwa? Karibuni.

Kijana wa Tandale

Siti ya mbele nimekaa. Ila mkuu, huku Dar penyewe Oktoba 2022 tulinunua dumu kwa mkokoteni bei ya soda, na tuko mjini. Sijui kama tuna moyo wa kumlilia wa kijijini.

fundi_pampu

Mtoa mada umegusa penyewe, ingawa umeacha nusu. Mimi nafunga pampu za visima. Vifaa nachukua Kariakoo, kazi nyingi ziko Dodoma, Singida na Manyara.

Pampu ya kuzama haiungui kwa kufanya kazi sana. Mota yake inapozwa na maji yanayoizunguka kule chini. Yakishuka ikabaki inavuta hewa, imekwisha, na haichukui muda. Kisima ukikivuta maji yanashuka, ukizima yanarudi. Yanashuka hadi wapi ndilo swali zima. Ndiyo maana kisima kipya kinatakiwa kipimwe wingi wa maji: mnavuta saa 24 au zaidi, mnaandika kina kila baada ya muda, mnazima, mnaandika yanavyorudi.

Sasa kisima kikipimwa Aprili, mvua ndiyo kwanza zinaisha, mtapata namba tamu. Pampu inachaguliwa na kuning'inizwa kwa namba ya Aprili. Oktoba kina kimeshuka mita kadhaa, mwendeshaji kaambiwa asizime kwa sababu foleni imefika barabarani. Unategemea nini? Kipo kifaa kidogo cha kuzima pampu yenyewe maji yakipungua, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu. Nikikuta mota imeungua, mara nyingi kifaa hicho nakikuta kimerukwa kwa waya. Wanakijiji wanakiona adui: kinazima maji watu wakiwa kwenye mstari.

Hesabu nyingine ambayo siku ya uzinduzi haisomwi. Kijiji cha watu 3,000 kwa lita 25 ni lita 75,000 kwa siku. Kisima cha lita 5,000 kwa saa, ambacho kwa miamba ya Singida na Dodoma ni kisima cha kushukuru, kitavuta saa 15 ili kifike hapo. Jua zuri la kuendesha pampu ya sola ni saa sita, saba. Kwa hiyo umepata lita 35,000, chini ya nusu. Sola imetuondolea balaa la dizeli, naisifu. Lakini tenki kubwa haliongezi maji, linayasubiri tu. Kijiji cha namna hiyo kinahitaji visima viwili vinavyopokezana, au umeme wa kuendeshea usiku. Unakuta kina kimoja, na vibao vitatu vya ufunguzi.

Kule maji yako kwenye mipasuko ya mwamba. Ukikosa mpasuko hata mita 150 utachimba unga mtupu. Kwa hiyo kabla ya mtambo kwenda, mjiolojia aende kwanza na apewe muda. Visima vinavyochimbwa kwa haraka ili jimbo lisikose, hivyo ndivyo vinavyotoka vikavu.

Binti Kiteto

Kaka zangu, mnahesabu watu tu. Ng'ombe mmewaacha wapi?

Ng'ombe mmoja kwenye joto anakunywa lita 30 hadi 40 kwa siku. Kijiji cha wafugaji chenye ng'ombe elfu moja, na hao ni wachache, kinataka zaidi ya lita 30,000 za mifugo peke yake. Maji yote ya sola ya fundi hapo juu yameisha kabla mama hajajaza ndoo. Halafu mnashangaa watu wanapigana gatini. Gati limejengwa kwa ajili ya ndoo, birika la mifugo halipo, au lipo limepasuka. Vuli ya 2021 ilipokosekana, kule Simanjiro na Longido mifugo ilikufa kwa wingi, na mingine ilikufa njiani ikipelekwa kwenye maji, siyo malishoni.

Nimesoma ile hesabu ya mitambo 25 ya visima na seti 5 za mabwawa nikacheka kidogo. Kwetu ningeigeuza. Mfugaji anahitaji lambo lenye kina, lililochimbwa mahali maji ya mvua yanapita, na mtego wa tope mbele yake. Tunachimbiwa malambo mapana kama uwanja wa mpira, kina chake cha magoti. Jua linayanywa mpaka Agosti, msimu wa pili tope limejaa, na wa kuzoa hayupo kwa sababu lambo halina CBWSO wala mweka hazina. Ni la kila mtu.

Na kisima kirefu kina lingine. Kwetu kaskazini ukizidi kwenda chini unakutana na chumvi, au floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima Arusha, Manyara na kwingineko vinapita hapo mara nyingi tu, ndiyo yale meno ya kahawia mnayoyajua, na yakizidi miaka ni mifupa. Mvua ikikosekana watu wananywa hayohayo kwa sababu vyanzo vingine vimekauka. Kwa hiyo hata pampu ikiwa nzima, bado hujaniambia inavuta nini.

Mzalendo wa Gongo la Mboto

Nyuzi za namna hii huwa nazipita, ila leo ngoja nichangie maana naona mnazunguka.

Mtoa mada, unachoomba kilishafanyika. 1971 Mwalimu alianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila kaya ipate maji safi ndani ya mita 400. Mita 400 hizo unazozitaja leo ni za wakati ule. Serikali ikabeba ujenzi na uendeshaji, wafadhili wakagawana mikoa, Wafini wakapewa Mtwara na Lindi. 1991 ikafika, lengo halijafika hata karibu, na mabomba mengi yamekufa kwa kukosa dizeli na vipuri. Ndipo tukahamia kuchangia. Sasa unataka turudi kuleee, Hazina ilipie kila nati ya kijiji?

Dawa ya ukame ni bomba kubwa kutoka chanzo kisichokauka. Angalia Ziwa Victoria. Maji yanachukuliwa Ihelele, Misungwi, yanakwenda Kahama na Shinyanga, baadaye yakasogezwa Nzega, Igunga mpaka Tabora. Wakati mradi unaanza kulikuwa na kelele za mkataba wa Mto Nile wa 1929, eti hatuwezi kugusa ziwa bila ridhaa ya Misri. Tukagusa. Vijiji vilivyo kando ya bomba navyo vimechotea humo. Same, Mwanga na Korogwe wamesubiri miaka, ila maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yanavutwa. Hayo ndiyo mambo. Visima vya kijiji kimojakimoja ni kuahirisha tatizo.

Mchovu wa Kimara

Mzalendo, hoja ya 1971 ni nzito na sitaikwepa. Tofauti ni hii: sisemi Hazina ilipe mhudumu wa gati wala nati. Nasema akiba ya ukame, inayofunguliwa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikishatangaza mvua chini ya wastani kwa eneo fulani, na inayotumika kwa mambo mawili matatu yanayojulikana: pampu ya akiba wilayani, fundi, na kupima kina cha visima kabla ya kiangazi. Utabiri wa vuli unatoka mapema, siku zipo. Tunachofanya sasa ni kusubiri kijiji kikauke, DC aende na boza, picha zipigwe. Boza kwa lita ni maji ya bei mbaya sana.

Na bomba kubwa nalikubali pale linapofika. Lakini kusukuma maji kilomita mia na ushee kunataka umeme kila siku ya Mungu, na kuna vijiji vya milimani kule Iramba au Kondoa ambavyo wajukuu zangu wataliona bomba hilo kwenye ramani. Hao wanahitaji kisima kinachofanya kazi Oktoba.

Kwa asiyeamini ukubwa wa tatizo: Wizara ilipita kuhesabu vituo vya maji vijijini miaka ya mwanzoni mwa 2010, na sehemu ya data ikawekwa wazi. Katika vituo 59,400 vilivyomo kwenye ile data maarufu, takribani 54% vilikuwa vinafanya kazi, 38% havifanyi kabisa, vilivyobaki vinataka matengenezo. Ni takwimu za zamani, tangu hapo mengi yamebadilika. Kinachonichekesha ni kwamba vijana wanaojifunza sayansi ya data duniani kote wanaitumia kama zoezi la darasani. Mtu yupo Brazili anabashiri pampu ipi ya Kigoma ni mbovu. Sisi wenyewe mpaka ife.

Mhasibu wa Zamani

Niliwahi kushika vitabu vya chombo kimoja cha maji, jina na wilaya naviweka pembeni.

Hoja ya msimu ni kweli tupu. Daftari la Januari hadi Aprili ungeweza kulisoma kwa kuangalia mara moja tu, kurasa nyeupe. Tukafungiwa mita za malipo ya kabla, zile za kugusa kadi ndipo maji yatoke. Wizi ulipungua, maana zamani mhudumu wa gati ndiye benki. Lakini mita haimlazimishi mtu kuja wakati wa mvua.

Kilichotusaidia kidogo ni ada ya kaya. Kiasi kidogo, mara moja kwa mwaka, inalipwa alizeti inapouzwa, Mei mpaka Julai, wakati mtu ana noti mfukoni. Uteke usiteke, umelipa. Hiyo haiguswi kwa mishahara, inakaa kwa ajili ya pampu. Bei ya ndoo ikabaki ya kulipia uendeshaji wa kila siku. Mwaka wa kwanza watu walinuna. Mwaka wa pili pampu ilikufa Septemba ikabadilishwa haraka, wakaacha kununa.

Kilichotuua ni siasa. Anakuja mgombea, anapanda jukwaani, anasema maji ni haki yenu, msilipe. Makofi. Ada ikafa msimu huohuo. Alishinda, sijamwona na pampu.

fundi_pampu

Mhasibu, hapo kwenye ada ya mavuno nakuunga mkono. Wateja wangu wanaolipa bila kusumbua wote wana kitu cha namna hiyo, wengine wanalipa kwa debe la mtama.

Kijana wa Tandale

Narudi kwenye hoja yangu maana mmeipita. Mitambo ya maji ya Dar: Ruvu Chini lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, mitambo yote mizima, na 2022 mto ukapungua tukagawana. Tukaambiwa bwawa la Kidunda linakuja. Si ukame uleule? Kwa nini tuongelee vijijini kana kwamba ni dunia nyingine?

Mchovu wa Kimara

Siyo dunia nyingine, na hapo umenisaidia. Maji ya Dar mengi ni ya vijijini. Ruvu inaanzia Uluguru, inapita mashamba ya watu wa Morogoro na Pwani kabla haijafika kwenye bomba lako. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaipa bodi ya bonde nguvu ya kupunguza vibali vya maji ukame ukizidi. Sawa, maji ya kunywa yatangulie. Lakini anayeanza kuzimiwa pampu ni mkulima wa bustani ya nyanya kando ya mto, gari linaendelea kuoshwa Sinza.

Kidunda itabeba mita za ujazo milioni 190. Gawanya kwa hizo lita milioni 466 za Ruvu zote mbili, unapata zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutoa maji yanayopotea kwa jua na yanayoachwa mtoni. Ni bwawa la maana. Kwa Dar. Sasa nionyeshe hesabu kama hiyo iliyofanywa kwa kijiji kimoja cha Kisarawe au Mkuranga: ukame wa miezi sita, chanzo kipi, kina maji kiasi gani, nani analipa. Mjini tunapangiwa kwa siku za akiba. Kijijini kwa idadi ya visima.

Binti Kiteto

Hiyo ya siku za akiba naichukua. Lambo pia lipimwe hivyo: ng'ombe wangapi, siku ngapi bila mvua.

Mzalendo wa Gongo la Mboto

Akiba ya ukame yenye masharti naweza kuikubali. Lakini shilingi tano kati ya 50 maana yake kuna kijiji kitachelewa kupata mradi wake wa kwanza. Mkaseme hivyo mkiwa kijijini hapo, siyo Kimara.

Mchovu wa Kimara

Nitasema. Mradi uliochelewa mwaka mmoja na mradi uliokufa mwaka wa tatu, najua nitachagua upi. Ila nakubali, anayesubiri hatanipigia makofi.

Mama Wawili wa Mbagala

Samahani wataalamu, mimi nina swali la haraka. Wanakijiji wenzangu tuishio Dar tumeombwa tuchange ya pampu mpya, ya zamani imeungua wiki iliyopita na wanateka maji ya kuchimba mchangani kwenye korongo. Hela ipo karibu inatosha. Tutume au tusitume?

fundi_pampu

Mama, changeni, watu wasife kiu. Ila msitume kesho. Kwanza wapime kina cha maji cha sasa, kamba yenye uzito inatosha kwa kuanzia. Halafu watafute taarifa ya upimaji ya siku kisima kilipochimbwa. Kama kijiji hakina, ofisi ya maji ya wilaya inatakiwa iwe nayo. Wapige picha kibati cha pampu iliyoungua niione. Ikiwa maji yameshuka chini ya pale ilipokuwa inaning'inia, mkinunua ileile na kuirudisha kina kilekile mtachanga tena kabla ya Krismasi. Ongezeni bomba ishuke, au mchukue ndogo zaidi ivute polepole. Na kile kifaa cha kuzima kiwe ndani ya ankara, hilo nalisisitiza. Hela ilipwe dukani kwa risiti, mzigo upande basi. Isipite kwenye M-Pesa ya mwenyekiti.

Mama Wawili wa Mbagala

Asante sana baba. Sema mwenyekiti ni kaka yangu wa tumbo moja.

fundi_pampu

Basi hasa.